Kanuni Haisemi Ianzie Wapi: Faraidhi, Prolog na Mirathi ya Bujumbura

Kanuni inayoeleza jambo linavyopaswa kuwa ni kitu kimoja. Hatua za kulifikia jambo hilo ni kitu kingine. Hapo ndipo swali linapozuka: anayeigeuza kanuni kuwa hatua, je, anaibeba tu, au naye anahukumu? Wataalamu wa lugha za kompyuta hukutana na swali hili wanapoandika kompaila, yaani programu ya kufasiri, inayopokea lugha ya kanuni za masharti na kutoa lugha ya mantiki kama Prolog. Wanazuoni wa Kiislamu walikutana nalo zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, katika faraidhi, elimu ya kugawa mirathi. Si ajabu basi kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad yapata mwaka 820, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na urithi.

Bujumbura inafaa kwa uchunguzi wa swali hili kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki, kwa sababu huko kanuni za mirathi haziko katika kitabu kimoja. Burundi haina sheria ya urithi iliyopitishwa na kuandikwa. Sheria ya Watu na Familia, iliyorekebishwa kwa amri ya tarehe 28 Aprili 1993, inashughulikia ndoa, talaka na nasaba, lakini urithi uliachiwa mila. Mswada wa kuziba pengo hilo ulijadiliwa kwa miaka mingi bila kuwa sheria. Kwa mila, ardhi huenda kwa watoto wa kiume. Binti hupata pengine igiseke, kipande cha kulima ambacho haki zake juu yake ni pungufu ya zile za kaka zake. Kenya ina mahakama za kadhi ndani ya katiba yake ya 2010, na Zanzibar nayo ina makadhi wa serikali. Burundi haina. Muislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji jiji likiitwa Usumbura, hupeleka hesabu ya mirathi kwa sheikh, na warithi wakigombana huenda kwa bashingantahe, wazee wasuluhishi wa kimila, au kwa hakimu wa dola. Waislamu wenyewe hawafuati njia moja. Walio wengi ni Sunni wa madhehebu ya Shafi, lakini wapo wenye asili ya Oman na wapo Makhoja Ithnaasheria. Parseli ileile, kwa warithi walewale, yaweza kugawika kwa namna tatu au nne, na kila mgawaji akaapa kwamba hakuongeza neno lake.

Lugha ya kanuni za masharti iliyoenea kuliko nyingine ni CHR, iliyobuniwa na Thom Frühwirth mwaka 1991 akiwa katika kituo cha utafiti cha ECRC mjini Munich. Wazo lake ni jepesi. Kuna ghala la mambo yanayojulikana, na kuna kanuni zinazolitazama ghala hilo. Kanuni moja huongeza bila kuondoa: akiwemo mke na akiwemo mtoto wa marehemu, ongeza kwamba fungu la mke ni thumuni. Nyingine hubadilisha: madeni mawili ya mtu mmoja yanaondoka na mahali pake panaingia deni moja lenye jumla yao. Ya tatu hubakiza kimoja na kuondoa kingine: akiwemo mtoto wa kiume na akiwemo ndugu, mtoto abaki, ndugu atoke. Mwenye kuijua faraidhi atatambua mara moja kwamba aina hii ya tatu ndiyo hajb, mrithi wa karibu kumzuia wa mbali. Hakuna mahali palipoandikwa kanuni ipi itangulie. Kwenye karatasi, kanuni zote zinasimama sawasawa mbele ya ghala, kama zilivyosimama aya za 11, 12 na 176 za Sura ya Nisaa mbele ya msomaji.

Prolog ilizaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, kwa msingi wa mantiki uliokuwa ukifanyiwa kazi na Robert Kowalski huko Edinburgh. Yenyewe haina ghala linalotazamwa na wote. Ina swali, na ina vifungu vinavyojaribiwa kimoja baada ya kingine, kuanzia juu kwenda chini. Kifungu kikishindwa, mashine inarudi nyuma na kujaribu kinachofuata. Tena ina tabia moja inayofaa kukumbukwa: ikikuta jambo lisilojulikana, hulijaza. Ikiulizwa kama mrithi fulani ni mtoto wa kiume, na mrithi huyo bado hana maelezo, Prolog haisemi kwamba haijui. Humfanya kuwa mtoto wa kiume, ili kuona kama hesabu itakubali. CHR haijazi. Kanuni yake huuliza kama jambo limethibitika, na lisipothibitika hukaa kimya kusubiri.

Kompaila ya CHR kwenda Prolog ndiyo inayounganisha tabia hizi mbili. Kazi hiyo ilifanywa kwanza kwa ukamilifu na Christian Holzbaur wa Vienna pamoja na Frühwirth, kwa ajili ya SICStus Prolog. Baadaye Tom Schrijvers wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, akatengeneza mfumo unaotumika hadi leo ndani ya SWI-Prolog. Mbinu yenyewe ni hii. Kila sharti linageuzwa kuwa kiarifu cha Prolog. Sharti likiingia, linakuwa hai: linapita katika kila mahali linapotajwa ndani ya kanuni, kwa mpangilio wa maandishi, na kila mahali linatafuta wenzake ghalani. Likiwapata, na vigezo vikikubali, kanuni inatekelezwa na hakuna kurudi nyuma. Lisipowapata, linawekwa ghalani na kulala, likiwa limefungwa kwenye vigeu vyake, ili siku kigeu kimojawapo kikijulikana liamshwe na kujaribu tena. Daftari la pembeni linaandika ni kanuni gani imekwisha kutekelezwa juu ya nani, la sivyo kanuni ya kuongeza ingeongeza milele. Kompaila huandika pia vizuizi vingi vya kuikataza Prolog isijaze kile ambacho CHR ilitaka kisubiriwe. Sehemu kubwa ya jasho la kompaila iko hapo, katika kuinyamazisha lugha mwenyeji.

Katika maelezo hayo kuna maneno manne yaliyopita kimyakimya: kwa mpangilio wa maandishi. Kanuni zilizosimama sawasawa sasa zina foleni. Mwaka 2004 Gregory Duck, Peter Stuckey, María García de la Banda na Holzbaur waliuandika rasmi utaratibu huo, wakaueleza kuwa maana ya utekelezaji iliyosafishwa. Watengenezaji programu waliupokea kwa furaha, kwa kuwa sasa waliweza kutabiri mashine itafanya nini. Furaha hiyo ina bei yake. Jambo ambalo mtunga kanuni hakulisema, na pengine hakulikusudia, limesemwa na chombo cha kufasiri.

Bei hiyo inaonekana vizuri katika kesi ndogo. Mtu wa Buyenzi amefariki, ameacha baba, mama na ndugu wawili wa kiume wa baba na mama mmoja. Hana mke wala mtoto. Baada ya mazishi na madeni kulipwa, zimebaki faranga milioni 12. Kanuni zinazohusika ni tatu: baba anawazuia ndugu; ndugu wakiwa wawili au zaidi, mama hushuka kutoka thuluthi hadi sudusi; na kama hakuna mtoto wala ndugu hao, mama huchukua thuluthi yake kamili. Sasa karani anaingiza majina. Akianza na ndugu, kisha baba, kanuni ya kwanza inafanya kazi papo hapo: ndugu wanafutwa ghalani. Mama akiingia wa mwisho hakuti ndugu yeyote, anaandikiwa thuluthi, yaani milioni 4, na baba milioni 8. Lakini karani akianza na ndugu, kisha mama, ndipo baba, mama anakuwa amekwisha kushushwa hadi sudusi kabla ya ndugu kufutwa. Anapata milioni 2 na baba 10. Kanuni ni zilezile, marehemu ni yuleyule, na milioni 2 zimehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu ya foleni ya majina.

Jibu la wanazuoni walio wengi ni la pili: ndugu waliozuiwa hawapati kitu, lakini bado wanampunguza mama yao. Wanazuoni walilijua tatizo hili kwa undani kiasi cha kutenganisha hali mbili ambazo mtu wa kawaida huziona ni moja. Mahjub ni aliyezuiwa na mrithi mwingine. Yeye yupo, na uwepo wake unahesabiwa juu ya wengine. Mahrum ni aliyenyimwa kwa sifa yake mwenyewe, kama aliyemuua marehemu. Huyo kwa walio wengi anahesabiwa kama hayupo kabisa. Kwa lugha ya ghala, wa kwanza anabaki ghalani na alama ya kuzuiwa, wa pili anatolewa. Mtengeneza programu aliyeandika hajb kwa kanuni ya kufuta amewachanganya wawili hao bila kujua, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomtokea kwenye skrini. Programu inakwenda vizuri. Inatoa tu hukumu ambayo hakuna madhehebu makubwa yanayoitoa.

Hapo ndipo elimu ya CHR inapoleta chombo ambacho mafakihi hawakuwa nacho kwa umbo hilo. Slim Abdennadher, Frühwirth na Holger Meuss walionyesha katikati ya miaka ya 1990 jinsi ya kupima kama kanuni zina sifa ya njia zote kukutana: kwamba, ukianza na ghala moja, utaratibu wowote wa kanuni unaishia kwenye ghala lilelile. Kwa programu ambazo hakika zinafika mwisho, kipimo hicho chaweza kufanywa na mashine yenyewe. Inatosha kukusanya kila jozi ya kanuni zinazogombea sharti moja, kuzitekeleza kwa pande mbili, na kutazama kama pande hizo zinakutana tena. Kanuni ya baba kuwafuta ndugu na ile ya ndugu kumpunguza mama ni jozi ya namna hiyo, na hazikutani. Mashine ingeweza kuinyooshea kidole kabla ya mirathi yoyote kugawiwa.

Kipimo hiki kinalijibu nusu ya swali la mwanzo. Pale ambapo njia zote zinakutana, mfasiri ni mbebaji: achague foleni yoyote, hukumu haibadiliki, na uhuru wake haumgusi mrithi. Pale zisipokutana, kila foleni ni msimamo wa kifiqhi, hata kama aliyeipanga anadhani anapanga mistari tu.

Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi, na mfano wake mkubwa ni aul. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu. Dada wawili wana thuluthi mbili. Jumla ni sudusi saba za mali yenye sudusi sita. Kwa mapokezi maarufu, kesi ya namna hii ilimfikia Umar bin al-Khattab, naye baada ya kushauriana na masahaba akaamua kila mmoja apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake: mali igawanywe kwa saba, mume achukue tatu na dada nne. Ibn Abbas alipinga baada ya Umar kufariki. Kwake, upungufu uwaangukie wale ambao fungu lao hugeuka mara nyingine kuwa mabaki, yaani mabinti na dada, mume hapunguzwi. Fiqhi ya Jaafari, wanayoifuata Makhoja Ithnaasheria, inaikataa aul hadi leo.

Mali ikiwa faranga milioni 42, hesabu ya Umar inampa mume milioni 18 na dada 24. Hesabu ya Jaafari inampa mume 21 na dada 21. Sasa tuseme kijana aliyesomea kompyuta anaandika programu ya haraka bila kusoma mjadala huu, kwa utaratibu wa kulipa: chukua fungu la wa kwanza, kisha la pili, na mali ikipungua mpe kilichobaki. Kama mstari wa mume uko juu, mume anapata 21 na dada wanaishia na 21. Kijana huyo amekuwa Mjaafari bila kusilimu mara ya pili. Kama mstari wa dada uko juu, dada wanapata 28 na mume 14, jibu lisilotoka kwa Umar wala kwa Ibn Abbas. Jibu la Umar halipatikani kwa foleni yoyote ile; linapatikana tu kama mafungu yote yanaingia ghalani kwanza, yanajumlishwa, na jumla inapozidi moja kanuni nyingine inayapunguza yote kwa pamoja. Hapa CHR inaonekana kuwa karibu zaidi na namna Masunni walivyoifikiri faraidhi: mafungu ni masharti yanayosimama pamoja, si madai yanayopangwa mlangoni. Hata hivyo haifai kulitumia hilo kama hoja ya madhehebu. Ibn Abbas naye anaweza kuandikwa kwa kanuni safi zinazokutana, mradi kanuni isemwe wazi kwamba dada ndiye anayepunguziwa. Makosa ni pale msimamo wake unapotokea kwa bahati ya mstari.

Kuna kesi nyingine, wanayoiita mafakihi gharrawain, ambayo haina haja ya maelezo marefu: mume, mama na baba. Thuluthi ya mama ni ya mali yote au ya mabaki baada ya mume? Kwa milioni 12, jibu la Umar ni mama 2 na baba 4. La Ibn Abbas ni mama 4 na baba 2. Katika programu tofauti hiyo yote ni kigeu kimoja cha mali kusomwa kabla au baada ya kupunguzwa.

Jambo linaloifanya Burundi iwe mahali pazito kwa hesabu hizi ni neno hakuna. Kanuni nyingi za mirathi zina sharti la kutokuwepo: kama hakuna mtoto, kama hakuna baba. Prolog ina njia yake maarufu, aliyoieleza Keith Clark mwaka 1978: kisichothibitika kinahesabiwa si kweli. Ukimtafuta mtoto kwenye orodha usimpate, basi hakuna mtoto. Kwa ofisi yenye rejista kamili njia hiyo haina neno. Lakini mauaji ya 1972 na vita vilivyoanza 1993 viliwatawanya Warundi Tanzania, Kongo na mbali zaidi; wengine walirudi baada ya miongo mitatu kudai mashamba ya wazazi, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kwa sababu ya migogoro hiyo. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, imefukua makaburi ya pamoja yenye mabaki ya watu wasiojulikana majina. Katika nchi hiyo, kuandika kwamba hakuna mtoto kwa sababu tu jina halikuonekana ni kumzika mtu kwa kompyuta.

Fiqhi ina mlango maalumu wa mafqud, aliyepotea bila habari. Hukumu yake ya mgao yafaa kutazamwa kwa tarakimu. Mwanamke amefariki Bujumbura, ameacha mume, mama, ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama mmoja, na mtoto mmoja wa kiume aliyepotea utotoni wakati wa vita. Mali ni milioni 12. Mtoto akiwa hai, mume ana robo, milioni 3. Mama ana sudusi, milioni 2. Mtoto anachukua 7 zilizobaki. Ndugu hana kitu. Ikiwa mtoto alikufa kabla ya mama yake, mume ana nusu, milioni 6. Mama ana thuluthi, milioni 4. Ndugu anachukua 2. Utaratibu wa Mashafi ni kupiga hesabu zote mbili na kumpa kila mrithi kile kilicho kidogo zaidi kati ya hizo. Mume anapewa 3, mama 2, ndugu hapewi kitu, na milioni 7 zinasimamishwa. Mtoto akitokea, ni zake zote. Ikithibitika alitangulia kufa, au kadhi akahukumu hivyo baada ya muda ambao mtu wa umri wake hatarajiwi kuishi, saba hizo zinakamilisha mafungu ya wengine: 3 kwa mume, 2 kwa mama, 2 kwa ndugu.

Sharti linalolala ghalani hadi kigeu chake kijulikane, na mali inayosimamishwa hadi habari ya mtoto ifike, vina umbo moja. Hapa CHR ina heshima kwa kutojua ambayo Prolog tupu haina. Lakini ili kupata kilicho kidogo kati ya hesabu mbili, lazima hesabu mbili zipigwe, na CHR ikishachagua hairudi nyuma. Anayejua kurudi nyuma ni Prolog. Ndiyo maana upanuzi uliopendekezwa na Abdennadher na Heribert Schütz mwaka 1998, unaoruhusu kanuni kutoa njia mbadala, unakaa vizuri juu ya Prolog: kompaila inaacha matawi yafunguliwe na lugha mwenyeji. Tabia ya kurudi nyuma, iliyokuwa ikizuiliwa, sasa inaachiwa kazi yenye manufaa, tawi moja kwa kila dunia inayowezekana. Swali la Burundi ambalo mashine haiwezi kulijibu ni nani atashika hizo milioni 7. Vitabu vya fiqhi vinamtegemea kadhi au amini, na dola haina kadhi.

Nani anaingia ghalani ni jambo jingine lililo nje ya uwezo wa kompaila yoyote. Sheria ya Burundi hairuhusu ndoa ya mitala. Mke wa pili aliyeolewa kwa nikaha msikitini anashiriki fungu la mke pamoja na mwenzake kwa hesabu ya sheikh. Kwa hakimu wa dola si mke. Hakuna mgongano wa kanuni hapo. Ni maghala mawili, na kila moja linaweza kuwa na programu safi isiyo na dosari hata moja.

Wapo wanaoona kwamba yote haya ni uzembe wa utekelezaji, si falsafa. Mwaka 1979 Kowalski aliandika makala yaliyosema kwamba hatua za hesabu ni mantiki pamoja na udhibiti: mantiki inasema nini, udhibiti unasema kwa namna gani, na udhibiti ukibadilishwa hubadilika kasi tu, si jibu. Mwaka 1986 yeye na wenzake, akiwemo Marek Sergot, walichapisha kazi ya kuiandika Sheria ya Uraia ya Uingereza kama programu ya mantiki, na kazi hiyo ingali mfano mkuu wa sheria kuingizwa katika mashine. Kauli ya Kowalski ni kweli kwa mantiki tupu. Kwa CHR ni kweli tu pale njia zinapokutana. Sheria halisi, iwe ya Westminster au ya Madina, imejaa kufuta, kuzuia na kusimamisha, na kila kinachofutwa kinaacha alama ya lini kilifutwa.

Lewis Carroll alikwisha kugusa mzizi wa jambo hili mwaka 1895, katika hadithi fupi ya Kobe anayekubali kanuni zote za Achilles lakini akataka kila mara kanuni nyingine inayomruhusu kuzitumia. Ukiandika kanuni ya kutumia kanuni, utahitaji nyingine ya kuitumia hiyo, na mwisho haupo. Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba tendo lolote laweza kulinganishwa na kanuni yoyote ukiifasiri upendavyo, na akahitimisha kwamba kufuata kanuni ni desturi ya watu wanaoishi pamoja. Mafakihi wasingeshangaa. Walikuwa na jina la tendo linaloziba nafasi kati ya kanuni na kesi, ijtihadi, na waliweka masharti makali juu ya nani anaruhusiwa kulitenda. Kompaila inaziba nafasi ileile bila kuulizwa ijaza yake, yaani idhini.

Mtihani wa mwisho ni mas'ala ya mushtaraka. Mwanamke ameacha mume, mama, ndugu wawili wa kwa mama tu, na ndugu wa baba na mama mmoja. Nusu, sudusi na thuluthi zinamaliza mali yote. Ndugu wa baba na mama, ambao huchukua mabaki, hawapati hata senti, ilhali wale wa kwa mama tu wanapata thuluthi. Inapokewa kwamba Umar aliamua hivyo kwanza. Kesi ya pili ya namna hiyo ilipomfikia, ndugu walalamikaji walimwambia ahesabu baba yao kuwa ni punda, kwani mama si bado ni mmoja? Akawashirikisha katika thuluthi, wala hakuifuta hukumu yake ya awali. Imam Malik na Imam Shafi waliufuata ushirikishaji huo. Mahanafi na Mahanbali walibaki na hesabu ya kwanza. Kwa Mahanafi na Mahanbali kanuni zilifanya kazi sawasawa na matokeo yakubaliwe. Kwa Mashafi, walio wengi Bujumbura, matokeo yanaonyesha kwamba jambo fulani halikuandikwa katika kanuni: kwamba ndugu wa baba na mama ni ndugu wa mama pia. Hakuna kipimo cha njia kukutana kitakachoibua hilo, kwa sababu kanuni za awali zinakutana vizuri kabisa. Kipimo kinagundua kanuni zinazopingana, si kanuni iliyokosekana.

Katika CHR kanuni ya kushirikisha yaweza kuongezwa popote ikiwa vigezo vyake vimeandikwa kikamilifu: mume yupo, mama au nyanya yupo, ndugu wa mama wawili au zaidi, ndugu wa kiume wa baba na mama, na mabaki ni sifuri. Katika Prolog iliyotoka kwenye kompaila itafaa iwekwe juu ya kifungu cha ndugu wa mama kupewa thuluthi yao, la sivyo thuluthi itakuwa imekwisha kuandikwa. Mwandishi mwangalifu ataandika vigezo vyote hata kama foleni ingemwepushia kazi hiyo, ili anayesoma programu, akiwa sheikh wa Buyenzi au hakimu asiye Muislamu, aione hukumu kwa macho badala ya kuikisia kutokana na mahali mstari ulipo.

Mashine ikishamaliza, inatoa sehemu: tatu ya saba, nne ya saba. Nyumba ya vyumba vinne yenye kisima uani haikatiki kwa saba. Kwa hiyo warithi huingia katika takharuji, makubaliano ambayo mmoja anapokea fedha au mali nyingine na kutoka, na wengine wanabaki na nyumba. Hapo foleni haina tena kazi. Fungu la kila mtu limekwisha kujulikana, na anayeliachia ni mwenye nalo.